Nairobi kwa wikendi: tunayoyaogopa bure na tunayoyapuuza

Kutoka Arusha mjini hadi mpaka wa Namanga ni kilomita 110 hivi. Kutoka Namanga hadi katikati ya Nairobi ni 160 na ushei. Ukijumlisha, haifiki hata nusu ya safari ya Dar es Salaam. Hata hivyo hapa Sakina, Arusha, nina majirani ambao kila siku wanaona basi dogo za Nairobi zikipita mbele ya mlango wao na hawajawahi kupanda hata moja. Ukiwauliza, sababu ni zilezile. Mwaka jana nilikwenda na rafiki yangu wa Moshi, tukaondoka Ijumaa saa nane mchana na kurudi Jumapili jioni. Nilirudi na wazo moja: mambo tunayoyaogopa mengi hayana uzito, na yale yenye uzito ndiyo tunayoyachukulia poa.

Dhana: Afrika Mashariki ni moja, kitambulisho cha NIDA kinatosha

Hii ndiyo inayowarudisha watu nyumbani. Imetokana na jambo la kweli: tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zimeruhusu raia wao kuvukiana mipaka kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haimo katika mpango huo. Mtanzania anahitaji pasipoti, na kama hana, hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji. Ishughulikie mapema, ukiwa bado mjini.

Foleni ya Namanga ilikuwa na vijana wawili mbele yetu, marafiki kama sisi. Wa kwanza alipita. Wa pili akatoa kitambulisho cha taifa, kipya kabisa, bado kwenye kimfuko chake. Afisa akakitazama, akamrudishia kwa upole, akamwita anayefuata. Tulipotoka nje tuliwakuta wamesimama kando ya ukuta hawasemezani, yule mwenye pasipoti ameshika mabegi yote mawili. Sijui waliamua nini, lakini picha ile sijaisahau.

Viza, kwa upande wake, hatuhitaji. Na kile kibali cha kuombwa mtandaoni ambacho Kenya ilikianzisha Januari 2024 hakituhusu sisi raia wa Jumuiya.

Dhana: Mpakani utapoteza nusu siku

Zamani uligonga muhuri wa kutoka upande huu, ukatembea na mzigo wako, ukapanga foleni upya upande wa pili. Desemba 2018 kilizinduliwa kituo cha huduma za pamoja, na sasa unasimama mara moja tu, katika nchi unayoingia: maafisa wa nchi zote mbili wamo jengo moja. Sisi tulitumia dakika arobaini, na nyingi zilikuwa za kumsubiri abiria mmoja wa gari letu.

Anayekwenda na gari lake mwenyewe ana kazi zaidi. Bima ya nyumbani haivuki mpaka. Anahitaji kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Kadi hiyo ni bima ya gari inayovuka mipaka, na Tanzania inaitumia ingawa si mwanachama wa COMESA. Wapo wanaoichanganya na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Ni kadi mbili tofauti.

Dhana: Fedha badilisha kwa vijana wa mpakani, wana bei nzuri

Bei wanayokutajia inaweza kuwa nzuri kweli. Shida ni kile kinachoingia mkononi mwako. Rafiki yangu alibadilisha dirishani, gari likiwa limeanza kuunguruma, akapewa noti za elfu moja zilizokunjwa katikati. Alikuja kuzifungua Nairobi, kwenye kibanda cha chapati. Mama muuzaji alizishika mojamoja akainyanyua moja juu: "Hii ya Mzee haiendi tena, dadangu."

Ilikuwa na sura ya Jomo Kenyatta. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikataza sura za watu kwenye fedha. Noti mpya zikatoka 2019, zote zikiwa na KICC, lile jumba refu la mikutano la Nairobi, na ile elfu moja ya zamani ikafa rasmi mwisho wa Septemba mwaka huohuo. Ni hiyo elfu moja tu iliyoondolewa, kwa hiyo mtu akikupa mia mbili ya zamani yenye sura ya Mzee usigombane naye. Ila shilingi elfu ya Kenya ni karibu elfu ishirini ya kwetu. Kuipoteza kwa sababu ya haraka ya dirishani kunauma. Tumia benki au duka la kubadilishia fedha, na kila noti ifunguke mbele yako.

Kuhusu M-Pesa: jina ni moja, lakini akaunti yako ya Tanzania si ya Kenya. Unaweza kutuma kutoka ya huku kwenda namba ya kule, lakini usipande gari ukidhani utalipia kila kitu kwa laini yako. Beba taslimu kidogo.

Dhana: Nairobi ni wezi watupu

Wezi wapo, na simu iliyoshikwa dirishani mwa matatu inaondoka kweli. Lakini ndivyo ilivyo hata stendi zetu. Tulitembea mchana katikati ya mji bila tatizo, usiku tukachukua teksi. Naliandika kwa kifupi kwa sababu limeshakuzwa mno.

Dhana: Wakenya hawajui Kiswahili

Katiba hiyohiyo ya 2010 imekifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wanachokisema mitaani ni kingine kidogo: konda akisema nauli ni "finje" anataka hamsini, "soo" ni mia, "thao" ni elfu. Makande wao wanayaita githeri. Kwa nusu siku masikio yanazoea.

Dhana: Sisi wa kaskazini hatuna cha kuona kule, wanyama tunao

Wanyama kweli tunao, na binafsi sikuona haja ya kulipia Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ingawa simba kilomita saba kutoka katikati ya mji ni jambo la ajabu. Nenda Makumbusho ya Taifa. Onyesha pasipoti yako pale mlangoni, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki wana kiingilio chao, si kile cha wageni wa mbali.

Humo ndani, katika chumba chenye mwanga hafifu, kuna mifupa ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita karibu na Ziwa Turkana. Aliyeiona ya kwanza, mwaka 1984, ni Mkenya Kamoya Kimeu: kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto za rangi ileile. Miaka ishirini kabla, mtu huyohuyo alikuwa upande wetu, Peninj, kando ya Ziwa Natron, akapata taya la kiumbe wa kale ambalo wanasayansi bado wanalitaja. Natron imo mkoani kwetu. Nimesoma Arusha shule ya msingi mpaka sekondari na sikuwahi kulisikia jina la Kimeu. Nililijua nilipovuka mpaka. Tulikaa mbele ya ile mifupa mpaka mlinzi akatukumbusha kuwa muda umekwisha.

Dhana: Ni mji wa joto, beba nguo nyepesi

Nairobi iko juu kuliko Arusha, karibu mita 1,800. Mtu wa Moshi Julai atatetemeka. Beba sweta.

Dhana: Kadi ya homa ya manjano inakwisha baada ya miaka kumi

Ilikuwa hivyo. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, kadi ni ya maisha, hata zile zilizoandikwa zamani. Na wengi hudhani inaulizwa wakati wa kwenda tu. Kenya ni miongoni mwa nchi zenye ugonjwa huo, hivyo unaweza kudaiwa wakati wa kurudi. Kama hujachanjwa, chanja angalau siku kumi kabla, maana kadi haianzi kufanya kazi siku ya sindano.

Jumapili ile jioni rafiki yangu alitoa kadi yake ya 2009, kona zimeshachakaa, huku ananiangalia kwa wasiwasi. Afisa wa afya akaisoma tarehe, akaikunja, akamrudishia.