Kwa nini Kiingereza kina maneno yanayosikika sawa lakini huandikwa tofauti?

Kwenye mashine moja ya kusaga huku Chang'ombe, Dodoma, mchoraji ameandika ukutani kwa rangi nyekundu: MAIZE FLOWER. Mpwa wangu wa kidato cha pili, tuliyekuwa tumeongozana kupeleka mahindi, alicheka mpaka akatua ndoo. "Mjomba, hawa wanauza maua ya mahindi!" Kisha akauliza swali la maana: kama flour na flower zinatamkwa sawa, si wangeandika namna moja tu yaishe?

Mengi ya maneno hayo zamani hayakusikika sawa. Matamshi yalihama, tahajia ikabaki nyumbani.

Chukua knight, yule askari wa farasi, na night, usiku. Leo sikio haliyatofautishi kabisa. Lakini soma knight kama tunavyosoma Kiswahili, herufi kwa herufi, na utakaribia sana alivyoitamka Mwingereza wa miaka 600 iliyopita. K ilisikika, na gh ilikwaruza kooni kama kh ya "sheikh" kwa mtu aliyepita madrasa. Nani angezichanganya? Baadaye mkwaruzo ule ukafifia, na kufikia karne ya 18 k nayo ilikuwa imenyamaza. Write na right ni yaleyale, ila huko aliyekufa ni w.

Tahajia ilishindwa kufuata kwa sababu mwaka 1476 William Caxton alileta mtambo wa kuchapa vitabu Westminster. Wachapaji wakaanza kuwazoesha wasomaji namna moja ya kuandika kila neno, na irabu ndefu za Kiingereza wakati huo ndiyo kwanza ziko njiani zikibadilika. Ni kama kutumia maisha yako yote kitambulisho chenye picha ya darasa la pili. Meat, yaani nyama, ilikuwa na e ndefu, tofauti na meet, kukutana. E ile ikapanda taratibu hadi ikawa i, na maneno mawili yakagongana. Masalia ya sauti ya kale bado yapo: great, break na steak zimegoma kupanda.

Kesi ya flour ni nyingine, nami hapa namtetea mchoraji. Haya si maneno mawili yaliyogongana, ni neno moja lililogawanyika. Lilitoka Kifaransa likiwa na maana ya ua, na "ua la unga" lilikuwa ile sehemu safi kabisa iliyobaki baada ya kuchekecha. Kwa lugha ya mashineni kwetu, sembe, siyo dona. Kwa karne nyingi tahajia zilichanganywa, na hata kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 haikuutenga unga na ua. Mchoraji wetu amechelewa miaka mia mbili na ushei tu.

Sasa mtu anayatofautishaje? Mimi niliyakariri kwa imla na viboko, na nusu nimeshayasahau. Njia iliyonisaidia ukubwani ni kutafuta ndugu wa neno. W ya two, ambayo haisikiki, inasikika vizuri kwenye twelve, twenty na twice. K ya know inajitokeza ndani ya acknowledge. Hear imebeba ear, sikio. There ni ya ukoo wa here na where, wote watu wa mahali. Inayobaki, their, ndiyo ya kumiliki.

Ila kuna jozi ambazo ni zetu peke yetu. Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo ishirini, kwa hiyo ship na sheep, live na leave, hat na hut hutumbukia shimo moja vinywani mwetu. Mwingereza anazisikia mbalimbali kabisa. Hapo ndugu wa neno hawasaidii, ni kuuzoesha mdomo.

Kwetu mambo ni mepesi zaidi, maana tunaandika tunavyotamka. Kaa la moto, kaa wa baharini na kaa chini huandikwa vilevile, sentensi ndiyo inayoamua. Lakini asiyetamka th hujitengenezea mtego wake mwenyewe. Ng'ambo ya barabara, mkabala na mashine ile, kuna seremala mwenye ubao mkubwa: THAMANI ZA NDANI ZINAUZWA HAPA. Tulipopita na unga wetu, mpwa wangu aliusoma kwa sauti, "samani za ndani zinauzwa hapa," akahamishia ndoo bega la pili, akaendelea kutembea.