Faili ulilofuta kwenye flashi bado lipo

Wengi wanaopeleka flashi kuchapisha kazi kwenye maduka ya steshenari, kuanzia Mwanjelwa jijini Mbeya hadi Iringa mjini, wanaamini kwamba faili likishafutwa limetoweka. Imani hiyo ina sababu: jina halionekani tena, na nafasi imeongezeka.

Flashi nyingi bado hupangwa kwa mfumo wa kuhifadhi mafaili uitwao FAT, ambao asili yake ni mwaka 1977. Ndani yake kuna orodha, mithili ya daftari la ghala, inayoonyesha kila faili limewekwa wapi. Unapofuta, kompyuta hubadilisha herufi ya kwanza ya jina kwenye orodha na kuandika kwamba nafasi ile iko wazi. Yaliyomo hayaguswi mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ni njia ya haraka, na disketi za enzi zile zilikuwa za polepole mno kuandika upya kila kitu.

Jaribu mwenyewe. Weka picha kwenye flashi tupu, zifute, kisha endesha PhotoRec, programu ya bure ya kurejesha mafaili. Kwa kawaida picha zitarudi.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa mtu flashi iliyowahi kubeba vyeti vyako, tafadhali ifomati (iandae upya iwe tupu) kikamilifu, si kwa ile fomati ya haraka. Tangu toleo la Windows liitwalo Vista, fomati kamili huandika sifuri juu ya kila kitu. Itachukua muda, vumilia. Na ukiuza simu, toa kadi ya memori kwanza.