Risasi Katika Maji ya Mfereji: Maswali ya Wakazi wa Nairobi

Nikichemsha maji, risasi inaisha?
La. Moto huua vijidudu, lakini risasi ni metali: haifi, wala haitoki na mvuke. Chukua lita 4 zenye mikrogramu 10 kwa kila lita, zichemshe hadi zibaki lita 3. Sasa kila lita ina zaidi ya mikrogramu 13, na kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni 10. Klorini nayo haiiondoi.

Inaingilia wapi, kama maji yametoka bwawa la Ndakaini?
Mara nyingi ni ndani ya ploti yenyewe. Koki nyingi za shaba nyeupe hutiwa risasi kidogo ili zichongeke kwa urahisi, na viungo vya zamani vya mabomba ya shaba vililehemiwa kwa risasi. Maji yenye asidi huila, na yakilala ndani ya bomba usiku kucha huzidi kuibeba. Huko Flint, Marekani, chanzo cha maji kilibadilishwa 2014 bila kutia dawa ya kukinga mabomba, risasi ikafika hadi jikoni.

Kwa nini watu walitengeneza mabomba kwa risasi?
Hupindika, haishiki kutu kama chuma, huyeyuka kwa nyuzi 327 tu. Warumi waliiita *plumbum*, na humo ndimo lilimotoka jina la plamba wetu. Vitruvius, msanifu wao, alipendelea mabomba ya udongo baada ya kuona mafundi wa risasi walivyopauka. Hata hivyo, Chicago ililazimisha mabomba ya risasi hadi 1986.

Nifanye nini asubuhi?
Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 10 hubeba lita 2 hivi. Pima kutoka tangi hadi mfereji wako. Kinga lita 5 za kwanza kwenye ndoo (zinatosha bomba la hadi mita 25), pigia deki au mwaga chooni (maji ya mgao hayatupwi), kisha jaza mtungi wa kunywa. Usipikie maji ya moto ya bomba, maana joto huyeyusha risasi zaidi.

Nani yuko hatarini zaidi?
Mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, na mjamzito. Mtoto hufyonza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na ubongo ukishadhurika haurudi ulivyokuwa.

Nitajuaje kama maji yangu yana risasi?
Kwa maabara tu. Haina rangi wala ladha. Peleka chupa mbili: ya kwanza ikingwe baada ya maji kulala saa 6, ya pili baada ya zile lita 5. Ya kwanza pekee ikizidi, kagua koki na viungo vya mabomba. Zote zikizidi, kagua tangi na chanzo.