Kunakili mchoro wa wino: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kijana anayejifunza kuchora kwa kalamu na wino hapa Mombasa huambiwa mapema kwamba kunakili mchoro wa mwenzake ni wizi. Dhana hiyo ndiyo kongwe kuliko zote. Rembrandt, akiwa mchoraji mkomavu mwenye jina, alinakili kwa kalamu picha ndogondogo za Wamughal, watawala wa zamani wa India, na Michelangelo alipokuwa kijana alinakili watu waliochorwa ukutani na Giotto. Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya, kwani Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na fundi wa nakshi, alisifika pia kwa kunakili tenzi kwa mkono. Wizi ni kuitia nakala sahihi yako na kuiuza kama uliyoibuni mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hulinda mchoro hadi miaka 50 baada ya mchoraji kufariki, kwa hiyo kazi za Dürer, mchoraji Mjerumani aliyefariki 1528, ni halali ya kila mtu.

Wengine hudhani kwamba nakala hupimwa kwa kufanana. Ukibandika karatasi nyepesi juu ya mchoro kwenye kioo cha dirisha na kufuatisha mistari, utapata kinachofanana, ila mkono wako haukuamua lolote. Afadhali uchague kipande kidogo kama stempu, tuseme kivuli kilicho chini ya kizingiti, ukitazame mpaka ujue kilivyojengwa: tabaka la kwanza ni mistari sambamba, na la pili huikata kwa mshazari mdogo, kwa sababu ikikatana mraba hutokea wavu unaovuta jicho kuliko kivuli chenyewe.

Dhana inayowatesa wengi, na ambayo haisemwi vya kutosha, ni kwamba mchoro uliomo kitabuni ndio uliotoka kalamuni. Wachoraji wengi wa vitabu walichora kwa ukubwa, kisha mchoro ukapunguzwa wakati wa kuchapwa, ndiyo maana mistari yake ni myembamba kama unywele na hakuna nibu, yaani ncha ya kalamu, itakayoifikia. Michoro mingi ya magazeti ya karne ya 19 haikupigwa chapa kutokana na kalamu hata kidogo, bali ilichongwa kwenye mbao, na mistari yake myeupe ndiyo iliyokatwa na patasi. Anayeinakili kwa kalamu hana budi kuizungushia wino mistari hiyo, kazi ya kuchosha isiyomfunza kalamu. Basi nakala yako ichore mara mbili ya ukubwa wa ukurasa.

Kwamba weusi hupatikana kwa kukandamiza nibu, si kweli: nibu hupanuka ikamwaga wino. Weusi huja kwa kuongeza mistari.

Mwisho huja hofu kwamba anayenakili sana hupoteza mkono wake. Nilipomaliza kunakili vivuli vya Dürer kwa wiki kadhaa, niliketi alasiri mbele ya ukuta wa Fort Jesus, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe kuanzia 1593, nikaanza kuuchora kwa mistari ileile ya Dürer iliyopinda kwa utaratibu. Ukuta ukatoka laini kama kitambaa. Matumbawe yana vishimo, na ilinibidi niikate mistari vipandevipande na kutia nukta ambazo hazikuwamo katika mchoro wowote niliounakili.