Bustani ipi? Neno moja, lebo mbili kwenye ramani

Neno bustani tumelibebesha mizigo mingi. Mama wa Mikindani anayemwagilia mchicha nyuma ya nyumba ana bustani. Hoteli ya Shangani yenye maua na vibanda vya makuti ina bustani. Halmashauri ikipanda miti na kuweka mabenchi, hiyo nayo bustani. Mtaani tunaelewana. Tatizo linaanza kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo watu wa kujitolea wanaichora tangu 2004: lebo zake, yaani maneno yanayoeleza kila mahali ni nini, ni za Kiingereza, na zinatenganisha park na garden.

Vijana tunaowafundisha kuchora ramani hiyo huwa nawauliza: watu wanafuata nini pale? Wakija kupunga upepo, watoto wakikimbia, wazee wakicheza bao chini ya mwarobaini na hakuna wa kuwafukuza, weka park. Kama mahali pametengenezwa kwa ajili ya mimea yenyewe, imepangwa itazamwe au ichunguzwe kitaalamu, weka garden, hata kama mlangoni kuna kiingilio. Ukubwa haukuamulii. Tena moja huweza kukaa ndani ya nyingine: unachora eneo lote la mapumziko kama park, halafu kipande cha maua kilichomo unakichora peke yake kama garden.

Vitalu vya miche ya mikorosho si garden; vina lebo yake, plant_nursery. Shamba la mikorosho ni orchard.

Jina pia lisikudanganye. Viwanja vya Mashujaa mjini Mtwara wengine huviita Mashujaa Park, lakini ndipo inapofanyika mikutano ya hadhara. Nenda ukaone siku ya kawaida pakoje ndipo uchague lebo. Jina lenyewe liandike kama wenyeji wanavyolitamka.

Kosa linaloniumiza zaidi ni la hifadhi. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa 2000, kwa Kiingereza inaitwa marine park, basi mtu anaona neno park na kubandika lebo ileile ya mabenchi. Matokeo yake ni kilomita za mraba 650 hivi, nyingi zikiwa maji ya chumvi, kupakwa kijani kama uwanja wa kupumzikia. Eneo kama hilo ni protected_area, na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoingia hadi Lindi, ni national_park.

Wapo pia wanaokosea makusudi. Mchezo wa simu wa Pokémon Go ulipoanza kutumia data za OpenStreetMap, baadhi ya wachezaji walichora paki hewa karibu na makwao ili wanyama wa mchezo wajitokeze hapo. Wafanyakazi hewa tunawajua; hizo zilikuwa nyasi hewa.

Ukikwama usibahatishe. Acha noti, yaani ujumbe mfupi, kwenye ramani, eleza ulichokiona, na anayepita hapo kila siku ataweka lebo.