Kinyesi cha Mama na Koksidia: Kumtibu Kifaranga wa Raicho Bila Kumnyima Kinga

Raicho ni ndege wa jamii ya kwale anayeishi juu ya mpaka wa miti katika milima mirefu ya Honshu, Japani. Katika miaka ya 1980 walikadiriwa kufikia 3,000. Siku hizi wanakadiriwa kuwa chini ya 2,000. Mwaka 2015, katika mlima Kitadake, mama na vifaranga wake walianza kuwekwa ndani ya vizimba vya waya kwa takriban mwezi mmoja baada ya kuanguliwa. Mchana hutolewa wakale chini ya uangalizi, usiku hurudishwa. Mbweha hawafikii humo, na mvua ya baridi haiwaui. Vimelea, hata hivyo, huingia pamoja nao.

Wanaosumbua zaidi ni koksidia (vimelea vya seli moja) wawili, Eimeria uekii na Eimeria raichoi, na wa kwanza ndiye anayeonekana mara nyingi zaidi. Huzaliana ndani ya seli za utumbo na kuzipasua. Kifaranga huhara, hukosa maji na kudhoofika, na kwa mwili mdogo kama wake hali hubadilika upesi. Mayai yao, yaani oosisti, hutoka na kinyesi yakiwa bado hayawezi kuambukiza. Yanahitaji hewa, unyevu na joto kiasi ili yakomae. Kwa hiyo kinyesi kikizolewa kila asubuhi, mzunguko hukatika kabla haujaanza. Klorini haisaidii hapa, kwa sababu ganda la oosisti huistahimili. Vyombo na mbao zimwagiwe maji yanayochemka, kisha zikaushwe kabisa.

Ugumu wenyewe uko kwenye tabia ya kifaranga. Katika wiki zake za mwanzo hula kinyesi laini cha mama kinachotoka kwenye seka, vile vifuko viwili vya utumbo. Humo hupata bakteria wa kumsaidia kumeng'enya mimea ya mlimani yenye sumu. Kinyesi hichohicho kinaweza kubeba koksidia, kwa hiyo kumtenga kifaranga na mama ili asiambukizwe ni kumnyima bakteria wa utumbo wake. Hilo tunalipinga.

Njia bora ni kupima kwanza. Gramu 1 ya kinyesi kibichi huchanganywa na maji, huchujwa, kisha huzungushwa kwa kasi kwenye mashine ya sentrifuji. Mashapo huchanganywa na maji ya sukari (gramu 454 za sukari kwa mililita 355 za maji), kioo chembamba huwekwa juu ya mdomo wa mrija, na baada ya dakika 10 hadi 15 huangaliwa kwa hadubini. Sukari ikipungua, oosisti hazielei na jibu huwa la uongo. Sampuli moja isiyoonyesha oosisti pia haitoshi, maana oosisti hutoka kwa vipindi. Rudia siku kadhaa mfululizo.

Idadi ya oosisti ikipanda huku kifaranga akidhoofika, dawa za salfa hutumika kwa muda mfupi. Huzuia kimelea kutengeneza folate, vitamini anayoihitaji ili kuzaliana, lakini haziui oosisti zilizokwisha kutoka, na hapo usafi unabaki kuwa nusu ya tiba. Kipimo kikizidi huleta madhara ya figo na kutokwa damu. Salfa pia hupiga bakteria wa utumbo, walewale waliotoka kwa mama. Ndiyo sababu kumpa kila kifaranga dawa mfululizo, eti kwa tahadhari, ni kosa.

Maambukizo machache humjengea kifaranga kinga. Aliyelelewa bila koksidia hata mmoja atakutana nao mara ya kwanza siku anapoachiliwa mlimani, bila kinga na bila mtu wa kumtibu.