Umeambiwa una kisukari: sasa utakula nini?

Nimegundulika na kisukari aina ya 2. Wali na mkate ndiyo basi?

Hapana. Wengi huacha vyote siku ileile, kisha wiki ya tatu wanavirudia kwa pupa. Kitu cha kwanza kubadili ni kipimo. Igawe sahani kwa macho: nusu iwe mboga kama kabichi na majani, robo wali, mkate au viazi, robo iliyobaki samaki, mayai au maharage. Maharage nayo yana wanga, ila nyuzinyuzi zake huifanya sukari ipande polepole. Na sahani ninayoisema ni sahani, si sinia.

Matunda je?

Kula, usikamue. Glasi ya juisi humeza machungwa matatu au manne, na nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio.

Nitajuaje chakula kipi kinanisumbua?

Kama una mashine ya kupimia, pima kabla ya kula na saa 2 baada ya kuanza kula, uandike. Baada ya wiki chache daftari hilo litakufaa kuliko ushauri wa majirani, ambao hautakosekana. Jaribu pia kutembea dakika 10 au 15 baada ya mlo, uone tarakimu zinavyobadilika. Usijinyime chakula siku moja kabla ya kliniki ili upate majibu mazuri: kipimo cha damu kiitwacho HbA1c huonyesha wastani wa sukari yako wa miezi 2 hadi 3 iliyopita.

Nikitetemeka na kutokwa jasho ghafla?

Huenda sukari imeshuka, hasa ukitumia insulini au vidonge kama glibenklamidi. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, au huna cha kupimia, tumia sukari gramu 15 hadi 20 mara moja. Hapa ile juisi niliyoikataa ndiyo dawa: nusu glasi hadi glasi ndogo. Pima tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali haraka.

Tangu nianze dawa naona ukungu. Ninunue miwani?

Subiri kidogo. Sukari inaposhuka, lenzi ya jicho hubadilika kwa muda, na miwani ya leo huenda isikufae mwezi ujao. Uchunguzi wa retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, ndio usiusubirishe, hata kama unaona vizuri. Na uoni ukipotea ghafla, nenda siku hiyohiyo.